Duka la Kadi la Darasa la Tatu

Kitu Wakonyo alichokichukia kuliko vyote ni mtu mzima kujikomba kwa wakubwa. Ndiyo maana kile kisa cha wakaguzi kilimkaa kooni miaka na miaka: siku ilipofika, alijikomba kama wenzake.

Mwaka 1988 alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule moja nje ya mji wa Kitale. Kiswahili kilikuwa kimeanza kutahiniwa juzijuzi tu, na walimu wengi walikifundisha kwa kiboko: maneno ubaoni, kariri, ukikosea nyosha mkono. Upuuzi mtupu. Wakonyo alikwenda kwa Bhagwanti, mwenye duka mjini, akaomba maboksi matupu ya sabuni, akayakata kadi, akachora kwenye kila kadi kitu cha nyumbani. Mtoto mmoja anakuwa mwenye duka. Mnunuzi haruhusiwi kutaja kitu anachotaka, anaeleza kazi yake tu. Muuzaji akikitaja, ameuza; akishindwa, duka linahamia kwa mwingine.

Nekesa, mtoto aliyehamia kutoka Bokoli, hakuwa amefungua mdomo darasani tangu Januari. Siku ya tatu ya mchezo mwenzake akamwambia, "Nataka kitu ya kufagia." Nekesa akazitazama kadi zake weee, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ufagio." Darasa zima likapiga makofi. Kufikia Juni alikuwa anagombana na wanunuzi, anakataa kuuza, anawaambia waeleze vizuri. Wakonyo alikuwa akirudi nyumbani anacheka peke yake njiani.

Basi Jairus, mwalimu mkuu, akapata habari kwamba wakaguzi wanakuja. Akasimama mlangoni na lile tabasamu lake la siku za wageni.

"Hii mchezo ni mzuri, bana. Tutawaonyesha. Lakini kila mtoto akariri jibu yake mapema, tusiaibike. Na wale wazito, si uwapeleke jikoni? Huyu Nekesa anakaa sana kabla ya kujibu."

"Anafikiria, mwalimu mkuu."

"Afikirie jikoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyeiona ajabu: wageni wakija, watoto wazito wanafichwa. Wakonyo alikuwa na miaka minne akingoja kupandishwa cheo. Akawakaririsha watoto majibu, na wale wazito, Nekesa akiwemo, akawapeleka jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa kichefuchefu tangu asubuhi. Mnunuzi hajamaliza kueleza, muuzaji ameshajibu. Mtoto mmoja alisema "kijiko" kabla hajaulizwa chochote, na wakaguzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaandika. Kisha wakaenda ofisini kula kuku. Mkaguzi mkubwa alitafuna mpaka mifupa, mafuta yakimtiririka hadi kwenye saa, akachukua kadi moja ya Wakonyo aliyokuja nayo kutoka darasani akajipangusia vidole.

Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa Nekesa. Sweta yake ilikuwa imejaa manyoya ya kuku.

"Unaitwa nani, mama?" mkaguzi akamwuliza.

Nekesa akamtazama mwalimu wake.

"Kwani ni bubu?"

"Huyo ni wa jikoni tu," Jairus akasema, na wote wakacheka. Wakonyo naye akacheka. Alikisikia kicheko kikitoka kinywani mwake mwenyewe, akajiona mchafu kuliko ile kadi.

Jumatatu alizitoa kadi zilizobaki, akazipanga mezani. Alikuwa amekata shauri kwamba wiki nzima mwenye duka ni Nekesa, na Jairus aseme atakalo. Lakini kabla hajamwita, mtoto alishaziona kadi. Alifunga daftari lake, akavua sweta akaikunja juu ya dawati isichafuke, akaja akasimama mbele ya mwalimu kwa adabu.

"Mwalimu, naenda jikoni," akasema, bila kukwama hata kidogo. "Leo kuku wa kunyonyoa ni wangapi?"