Salamu ya Chanda Darasani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mjukuu wangu Chanda alipokaa jikoni na sare zake za shule, akagoma kutoka. Alikuwa amekulia ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, kwa baba yake ambaye ni Mbemba. Hapa Tunduma alikuwa mgeni bado.

"Siendi, bibi. Wananiita Mzambia."

"Umewafanya nini?"

"Nilimwamkia mwalimu."

Kumbe alipiga magoti, akapiga makofi polepole, kama anavyoamkia wakubwa kwao. Darasa likaangua kicheko. "Inuka, hapa siyo kanisani!" Tangu hapo akafunga mdomo, hata akiitwa jina, kimya.

Hapo nikaogopa. Mimi ni Mndali wa Ileje. Nilipoolewa huku nikiwa msichana, mawifi waliniigiza lafudhi yangu kila nikifungua mdomo. Nikajifunza kunyamaza, nikanyamaza miaka. Kunyamaza kule kunamla mtu, mwanangu. Sikutaka kumle na huyu.

Nikamkamata mkono, twende! Shule sikusoma, ila mdomo ninao. Tukapita kando ya foleni ya malori huku nayapanga maneno ya kuwachamba wale watoto. Mwalimu, binti mdogo tu, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Shikamoo bibi. Kaa hapa, leo utanisaidia."

Akawaambia watoto kila mmoja aoneshe wanavyoamkia wakubwa kwao. Binti wa Kisukuma, wa wale wafugaji wa Momba, akapiga goti. Ikafika zamu ya Joshua, Mnamwanga, mwenyeji wa hapa hapa, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Sisi ni shikamoo tu."

"Na bibi yako kijijini?" mwalimu akamuuliza.

Kijana akajikuna kichwa. "Bibi... tunachuchumaa, tunapiga makofi."

"Kumbe na wewe Mzambia!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka, na Joshua mwenyewe akacheka.

Nikamwita Chanda aniamkie mbele yao. Akapiga magoti, akapiga makofi, akasema kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai." Safari hii hakuna aliyecheka.

Joshua akauliza, "Chanda, na asante mnasemaje?"

"Natotela," akajibu. Kwa sauti! Mara wengine wakataka kujua na neno hili, na lile, mpaka akawa anawasahihisha. Nilishusha pumzi, mwanangu, ndipo nikasikia njaa. Hata chai sikuwa nimekunywa.

Sasa nisikilize. Ukimwona mwenzako anafanya jambo usilolizoea, muulize kwao wanafanyaje, kabla hujacheka. Na wewe waulize wakubwa wako nyumbani, ujue ulikotoka, maana pengine unachomcheka mwenzio kipo sebuleni kwa bibi yako. Ukiona mtoto amenyamaza darasani, kaa naye dawati moja. Na ukichekwa wewe, sema, usinyamaze kama mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, na kila mlango utakaobisha, wenye nyumba wakusogezee kigoda ukae.