Siku Niliyotafsiri Vibaya Mbele ya Mbunge

Mbunge wetu hakuwa msemaji mkubwa. Kabla ya kuchaguliwa alikuwa bwana shamba huko milimani, na hata baada ya watu kuanza kumwita Mheshimiwa aliendelea kuvaa makubazi yake ya tairi. Nilimfahamu kwa sababu ya shimo.

Wakati huo nilikuwa binti mbichi kazini, mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji cha tambarare chini ya milima ya Upare. Watu wengi pale walikuwa wameshushwa kutoka juu ili waishi pamoja kijamaa. Ukitoka Same, basi lilikuacha barabara kuu, kisha ukatembea asubuhi nzima pembeni mwa mashamba ya mkonge.

Mwaka huo, mvua za vuli zilipokatika, walikuja watu na malori na mtambo mrefu wa chuma. Walisema wanatafuta gesi ardhini. Hakuna aliyetuarifu kabla. Mwenyekiti wa kijiji alipowauliza kibali, walimwonyesha karatasi kwa mbali kisha wakaikunja. Walichimba kwa wiki kadhaa, ardhi ikitetemeka mpaka vumbi la chaki likawa linaanguka lenyewe ubaoni, halafu siku moja wakafunga virago na kwenda zao.

Walituachia shimo wazi lenye maji ya matope yanayonuka kama mayai viza. Malori yao yalikuwa yameukata mfereji uliotuletea maji kutoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia ambalo wazee walilijenga mlimani. Maharage yakakauka. Bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na shimo, alipoteza mbuzi wawili waliokunywa yale maji.

Mwenyekiti akaamua tumwandikie mbunge. Barua niliiandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka.

Alikuja peke yake, kwa lifti ya lori la mkonge. Chai aliikataa kwanza, akataka kuona shimo. Alipiga magoti ukingoni, akanusa, akarusha jiwe na kutega sikio.

"Nani alikuja kuwaeleza?" aliuliza.

"Hakuna, Mheshimiwa," mwenyekiti akajibu.

"Aliyetia saini kibali ni nani?"

"Hatumjui."

"Basi atakuja mumjue."

Kweli aliwaleta. Walikuwa wawili: mtaalamu wa miamba, kijana mpole mwenye lafudhi ya pwani, na ofisa mmoja mkubwa wa ile idara iliyotoa kibali. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Wazee wengi walijua Chasu tu, lugha ya Wapare, kwa hiyo nikaitwa kutafsiri. Mbunge mwenyewe alikuwa Mpare na angeweza, lakini alisema anayeuliza asiwe pia mkalimani.

Bibi mjane ndiye aliyesimama wa kwanza. Alimtazama ofisa usoni, akasema kwa Chasu maneno ambayo hadi leo nayakumbuka. Alisema: "Hata mwizi ana haya, ndiyo maana huja usiku. Ninyi mlikuja mchana, mkachimba mlangoni pangu bila kupiga hodi, na mbuzi wangu wamekufa."

Kulikuwa na maneno kwamba watumishi wanaowaudhi wakubwa huhamishwa, na mama yangu mgonjwa nilikuwa nikiishi naye palepale. Nikamgeukia ofisa nikasema, "Mama anasema angefurahi kama angepewa taarifa mapema."

Ofisa akatabasamu na kuandika kitu. Waliojua lugha zote mbili wakaanza kunong'ona. Mbunge akainuka.

"Mwalimu," alisema bila kupandisha sauti, "mama hakusema hivyo. Sema alivyosema."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikayarudia yote, mwizi, haya na mbuzi, macho yangu yakiwa chini. Tabasamu la ofisa likatoweka.

"Ndugu Mbunge," akasema, "gesi ni mali ya taifa. Huwezi kuzuia maendeleo kwa ajili ya mbuzi wawili."

"Sijazuia," mbunge akamjibu. "Gesi ikipatikana hapa nitakuwa wa kwanza kucheza ngoma. Lakini taifa ni pamoja na huyu mama. Serikali ni yake, na mtu ana haki ya kukiulizia kitu chake. Nauliza kwa niaba yake: nani aliruhusu, mlipata nini, na shimo litafukiwa lini?"

Ofisa alianza kusema kuwa taarifa hizo ni za siri. Lakini yule mtaalamu kijana aliomba kusema, na bila kusubiri jibu akasimama. Alieleza kwamba walikuta dalili kidogo tu za gesi, isiyotosha kitu. Shimo lilipaswa kuzibwa kwa saruji kabla ya kuondoka, na halikuzibwa kwa sababu saruji ilichelewa na mtambo ulitakiwa kwingine. "Ni kosa letu," alisema. Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Mchana tulikula makande nyumbani kwa mwenyekiti. Nilikwenda kumwomba mbunge radhi.

"Uliogopa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hata mimi naogopa. Bungeni nikisimama, natamani kuketi tena. Lakini ukimlainishia mkubwa maneno ya watu, atarudi ofisini akiamini kwamba watu wameridhika. Kisha atachimba tena."

Saruji ililetwa kabla ya masika. Mfereji tuliutengeneza wenyewe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare, wanafunzi wakibeba mawe. Bibi hakupewa mbuzi. Aliletewa barua ya kuombwa radhi, nikamsomea mara mbili. Akaniambia barua haitoi maziwa, lakini akaichukua. Mimi sikuhamishwa.

Uchaguzi uliofuata, kwenye karatasi ya kura mbunge alipewa alama ya nyumba, mpinzani wake jembe. Kijijini kwetu nyumba ilipata kura karibu zote. Milimani walisema ni mtu wa kubishana na wakubwa, kwamba kwa ubishi wake hawakupata barabara. Akashindwa.

Nilikutana naye soko la Same miaka kadhaa baadaye, akiuza tangawizi yake mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mwalimu. Mheshimiwa ni yule mwingine siku hizi." Akanipimia tangawizi, akaniuliza kama maharage yalistawi baada ya mfereji kutengenezwa. Nikamwambia yalistawi.