Fito Ndani ya Ukuta

Mwaka wangu wa tatu Marekani nilimtunza mzee mmoja Mwingereza katika mji wa Laurel, kwenye fleti aliyopangishiwa na bintiye. Alikuwa seremala, maisha yake yote akikarabati nyumba kuukuu za kwao. Sasa akili ilikuwa inamponyoka. Jina langu hakulishika hata siku moja, lakini nyumba ya shambani alimozaliwa, iliyojengwa enzi za wafalme wa kale, aliijua mti kwa mti.

Alinisimulia nikimlisha uji. Wajenzi walitafuta mwaloni uliopinda, wakaupasua katikati kwa urefu, wakasimamisha nusu zake zikitazamana mpaka vichwa vikakutana juu. Jozi za miti hiyo ndizo zilizobeba paa. Kuta hazikubeba kitu. Misumari hawakutumia, ila vigingi vya mbao. Kati ya nguzo walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Paa likaezekwa nyasi. Dohani ilikuja baadaye sana. Mwanzoni moshi ulijipenyeza kwenye nyasi, na mapao yakawa meusi kwa masizi.

"Kwa nyanya yangu pia tulikandika hivyo," nikamwambia. "Mavi ya ng'ombe na yote."

Akanitazama. "Basi unajua inavyonuka mvua ikinyesha."

"Najua, mzee."

Akacheka. Sikumwona akicheka tena.

Bintiye ndiye aliyeniambia yaliyobaki, siku alipomletea baba yake nguo. Cheche za dohani ziliangukia nyasi za paa, mzee akiwa kijana. Majirani walizivuta nyasi zilizoshika moto kwa kulabu ndefu, wasiwahi. Paa liliporomoka na mama yake yumo ndani. Nguzo hazikuanguka. Mwaloni mnene huungua juu juu tu.

Baridi ilipoingia, nikawasha hita kwa mara ya kwanza. Ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Sikuwaza lolote, nikateremka kuchukua nguo kwenye mashine za kufulia za chini. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Ukuta wa jipsamu ulikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Alikuwa aking'oa vipande kwa vidole, damu ikichuruzika hadi kwenye mikono ya pajama.

"Fito ziko wapi?" akaniuliza. "Nikizikata fito napita. Mama yuko upande wa pili."

Ndani ya tundu mlikuwa na pamba ya rangi ya waridi ya kuzuia baridi, basi. Nilimkumbatia kwa nyuma. Alikuwa mwepesi kama mtoto, lakini sikuweza kumbandua.

"Mama ametoka," nikasema. "Yuko nje, salama kabisa."

Mikono ikatulia. Akageuka, macho yake makavu, yenye akili timamu.

"Mwongo wewe," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Nilimwosha vidole, nikamfunga bendeji.

Wiki hiyo hiyo bintiye alimpeleka kwenye makao ya wazee. Nilimtembelea mara moja nikiwa na uji kwenye chupa ya chai. Alifumba mdomo, akageukia ukutani.

Alifariki theluji ikiwa bado chini. Nilikuwa mji wa jirani, Beltsville, nikimkata kucha bibi niliyekuwa namtunza sasa, simu ilipolia.

"Alikuwa peke yake," binti wa mzee akasema. Nilirudi kwenye kucha za yule bibi. Kisha nikauweka mkasi chini, nikamwomba anisubiri kidogo.