Kinachotoka Tumboni mwa Kochi

Fundi aliligeuza kochi la Bibi Mwalimu miguu juu ili alikague kwa mara ya mwisho, akaona mishono ya kitambaa cha chini imelalia kushoto. Yeye hushona kwa mkono wa kulia. Katika karakana ile mwenye mkono wa kushoto ni mmoja tu, binti yake, naye alikuwa amekaa mlangoni akichambua misumari iliyopinda na ile iliyonyooka, kichwa amekiinamisha zaidi kuliko kazi ile inavyotaka.

"Nani kafungua huku chini?"

"Mimi. Springi moja ilikuwa inalia."

"Ikanyamaza?"

"Imenyamaza."

Hakuuliza zaidi. Miaka ishirini na miwili ya kupasua makochi ya watu ilikuwa imemfundisha kwamba kilichofichwa hakitoki kwa kuvutwa. Unalegeza uzi mmoja, kisha unasubiri.

Binti alikuwa na miaka saba alipoanza kushinda pale, kwa kuwa mama yake alikuwa amefariki na nyumbani hapakuwa na wa kumwangalia. Ili asichoke, baba yake alimpa kanuni: "Chochote kinachotoka tumboni mwa kochi ni chako, mama." Zikatoka sarafu, vifungo, vichana, na siku moja jino la bandia ambalo hakuna mteja aliyethubutu kuja kulidai. Wateja waliijua kanuni hiyo wakaicheka. Sarafu ziliingia katika kopo la maziwa ya unga, na kwa miaka tisa kopo likawa zito.

Mwaka jana mwenye nyumba alitishia kuifunga karakana, na fundi akalimwaga kopo lote mezani kwake kulipa kodi. "Nitarudisha kabla chuo hakijaanza kupokea fomu," alimwambia binti. Sasa chuo cha uuguzi kilikuwa kinapokea fomu. Mwisho ni Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano, na kopo lilikuwa juu ya rafu, jepesi kama ganda la yai.

"Haya, lete," fundi alisema hatimaye.

Binti hakujifanya hakuelewa. Chini ya marobota ya sponji alitoa bahasha ya kaki, imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa mpira uliokauka. Fundi aliifungua kidogo, akaona noti, akaifunga upesi kama aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu.

"Umezihesabu?"

"Zinatosha fomu. Na sare. Na chumba mwaka mzima."

"Si zetu hizi, mama."

"Sijasema zetu. Kwa kanuni yako ni zangu."

"Nilikuwa nasema sarafu."

"Hukusema sarafu, baba. Ulisema chochote. Lile jino lilikuwa sarafu?"

Fundi alikaribia kucheka, na labda kicheko kingewaokoa. Lakini binti hakuwa anatania.

"Bibi Mwalimu ni mjane," fundi alisema.

"Na kopo langu lilikuwa la nani?"

Binti aliinua kidevu kuelekea ukutani, ambako fundi mwenyewe aliandika kwa rangi nyekundu, kwa ajili ya wateja wazito wa kulipa: AHADI NI DENI.

Hasira ya mtoto haikumtisha. Kilichomtisha ni ile hesabu iliyokuwa ikijipanga kichwani mwake, taratibu, bila kuitwa. Mume aliyezificha yuko kaburini. Mjane hajui. Akifumba mdomo, leo hii hii deni lake limelipwa, mtoto amekuwa muuguzi, na hakuna aliyelia. Aliigeuza bahasha mkononi. Jasho lake lilikuwa limeanza kuilowesha.

"Nikikosa Ijumaa ni mwaka mzima," binti alisema kwa sauti ya chini. "Nitakaa hapa nanyoosha misumari."

Nje mkokoteni ulisimama. Fundi akaiweka bahasha nyuma yake, juu ya meza ya kukatia, kabla hajajua kwa nini ameificha.

Bibi Mwalimu aliingia, akalisubiri kochi lisimamishwe, akalikalia na kujaribu mikono ya kochi kwa viganja.

"Hapo sawa. Marehemu alikuwa haachi mtu alikalie hili, hata mimi. Nilidhani ni maringo tu."

Binti alimtazama baba yake kama mtu anavyomtazama daktari aliyeshika majibu.

"Bibi," fundi alisema, "mwanangu amekuta kitu chako humu ndani."

Alisema *mwanangu* makusudi, ili amwachie binti walau sifa hiyo. Binti alipita nyuma yake, akaichukua bahasha, akaiweka mapajani mwa bibi.

Bibi Mwalimu aliifungua, akaziona noti.

"Na dawa zake nilikuwa nakopa," alisema, si kwao.

Alilipa pesa ya kazi kama walivyopatana, wala hakuongeza hata senti. Kochi likapakiwa, naye akatoka nyuma ya mkokoteni, akasahau kuaga.

Binti alivuta kochi lililofuata, akaanza kung'oa misumari. Sarafu moja ikadondoka, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha baba yake. Zamani angeirukia. Sasa aliiokota, akasoma jina lililoandikwa kwa chaki kwenye fremu, akaiweka juu yake.

"Ya mwenye kochi," alisema, akaendelea kung'oa.

Fundi aliteremsha kopo, akatia ndani malipo yote ya Bibi Mwalimu, yaliyokusudiwa kuwa kodi ya mwezi ule, akalisukuma mpaka kwenye goti la binti.

"Hii ni ahadi nyingine?"

"Si ahadi. Ni pesa, ya fomu tu. Chuo kinafunga saa tisa."

"Na mwenye nyumba?"

"Huyo niachie mimi."

Binti aliweka koleo chini, akafuta mikono. Alichukua pesa. Kopo aliliacha.