Ramani Mbili, Mto Mmoja

Juzi nilikuwa ofisi ya kata kule Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, nikisubiri muhuri wa barua. Mezani kwa mtendaji walisimama wataalamu wawili wa ikolojia, kila mmoja na ramani yake. Mtaalamu wa samaki alionyesha mazalia yaliyojaa tope, akashauri sheria ndogo ya kufunga uvuvi pale. Mwenzake wa udongo alisubiri zamu yake na ramani ya milima ya Mbinga.

Mama mmoja muuza usipa, dagaa wa ziwa letu, akainuka kwenye benchi. Aliweka kidole kwenye mazalia, akaufuata mto kwenda juu mpaka ramani ikaisha.

"Tope linatoka huku, wanangu."

Mtaalamu wa udongo akaisogeza ramani yake, zikagusana. Kidole kikaendelea kupanda.

"Hapa ndipo ninapouzia. Zamani walilima ngoro, yale mashimo yanayoshika udongo. Siku hizi wengi wanalima matuta yanayoshuka na mteremko. Mvua ikinyesha, mto unakuwa mwekundu."

"Hilo la matuta unalo kwenye utafiti wako?" mtaalamu wa samaki akamuuliza mwenzake.

"Ninalo siku nyingi. Hukuniuliza."

Nilipogongewa muhuri, nilichungulia rasimu ya ile sheria ndogo pale mezani. Mtendaji alikuwa amekata "kufunga uvuvi", akaandika pembeni: "Kwanza tukae na wenzetu wa mlimani."

Nje niliwaona wataalamu wakiondoka. Kumbe walikuja na gari moja.