Macho Niliyomwazima Mama Mdogo

Juma lililopita nilishuka Uyole, na nilipokuwa nikimngoja jamaa wa kunipokea nilimwona msichana wa shule ameinamia gazeti la katuni kwenye meza ya muuza magazeti, anacheka peke yake mpaka mabega yanatikisika. Wanaonifahamu watakumbuka kwamba magazeti ya namna hiyo nimeyasema vibaya hadharani zaidi ya mara moja. Siku hiyo nilinunua moja, nikalikunja na kulificha mkobani kama mwizi. Sababu yake nitakueleza wewe, msomaji, maana aliyestahili kuelezwa hayupo tena.

Katika miaka ya hamsini nyumba zetu zilikuwa mteremkoni, mwendo mfupi kutoka hapo. Wazee wetu walihamia upande huu wa Mbeya kutoka Tukuyu, wakaja na migomba yao na desturi zao. Asubuhi za Juni sakitu, umande ulioganda kwa baridi, iliunguza majani ya viazi, na jikoni kwa bibi moshi wa kuni mbichi ulichanganyika na harufu ya maharage yaliyolala motoni. Kati ya nyumba ya babu na nyumba ya baba mdogo palikuwa na safu nene ya migomba, na safu hiyo haikupandwa kwa ajili ya ndizi tu. Mkazamwana hakuruhusiwa kumwona baba mkwe wake, wala kuonwa naye, wala kusema naye. Akisikia kikohozi chake njiani, aliiacha njia na kuchutama majanini mpaka mzee apite.

"Mkwe ni moto," bibi alizoea kusema, "huotwa kwa mbali."

Kwa hiyo kila kilichovuka migomba ile kilipita mikononi mwangu, msichana wa miaka minane: chakula kwenda, bakuli tupu kurudi, na maneno ya pande zote mbili.

Baba mdogo alikuwa machimboni Chunya, na mama mdogo, mkewe, aliyesomeshwa na misheni, alibaki na jembe na penseli. Siku moja muuza duka mmoja wa asili ya pwani alitufungia chumvi kwa ukurasa wa gazeti wenye hadithi ya picha. Watu walikuwa ndani ya visanduku, na maneno yakiwatoka vinywani kama mvuke wa pumzi asubuhi ya baridi. Mama mdogo aliutazama ukurasa ule hadi ugali ukaungua. Tangu hapo tuliomba karatasi za kufungia sukari, akazikata, akazishona kwa uzi wa katani, akaanza hadithi yake mwenyewe.

Alihitaji mzee wa kuchekesha, na mzee niliyemjua mimi alikuwa mmoja. Kila nilipotoka kupeleka chakula aliniuliza, naye alichora huku mimi nikisema: koti la jeshi lisilo na vifungo, goti linalotangulia mwili, sikio la kushoto lililochanika likaning'inia kama jani la tumbaku. Nilitembea kama babu, nikakohoa kama babu. Alifuta na kuchora tena mpaka nikamwambia, "Hapo ndiye." Katika hadithi ile mzee alikwenda barazani kwa chifu kuushtaki ukungu kwamba umemwibia ng'ombe. Alipokuwa katikati ya mashtaka ukungu ukainuka, ng'ombe akaonekana amesimama nyuma yake, anatafuna koti.

Mwalimu wa kike wa misheni alikiona kijitabu kabla hakijakamilika, akasema huko Iringa kuna wachapaji wanaotafuta mtu wa kuwachorea gazeti lao hadithi kila mwezi. Angesafiri Ijumaa kwa lori, na angekichukua. Mama mdogo hakulala vizuri juma zima. Alinieleza kwamba kama wangemkubali angechora hadi uzeeni, na jina lake lingekuwa chini ya ukurasa, dogo tu, pembeni.

Alhamisi alinituma nikipeleke kwa mwalimu pamoja na kikapu cha ndizi, nami nikapitia kwa babu, ambako sikutumwa. Nilitaka sifa.

"Mke wangu mdogo," babu alinitania kama siku zote, "umemletea mumeo nini leo?"

Nilimfungulia kijitabu magotini, nikamwambia ni kazi ya mama mdogo. Naapa kwamba alicheka. Alicheka kwa ng'ombe yule hadi akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha akafungua ukurasa mwingine, kidole chake kikapanda polepole hadi kwenye sikio la kushoto, na kicheko kikaisha.

"Huyu ameniona lini?"

Bibi aliitwa, kisha wazee wawili wa jirani. Mkazamwana aliyemtazama baba mkwe alikuwa amewaletea balaa watoto wa ukoo mzima, na sura ile, walisema, haiwezi kuchorwa na mtu ambaye hajaikodolea macho mchana kweupe. Mama mdogo hakuweza kuja mbele yao kujitetea, kwa kuwa desturi ileile iliyomshtaki ilimfunga mdomo. Nilitumwa nikamuulize.

Nilimkuta amechutama nyuma ya migomba, mikono ina unga. Hakunigombeza.

"Mwambie babu sijapata kumwona," alisema. "Mwambie macho yalikuwa yako."

Hatua hazikuzidi ishirini. Njiani nilifikiri jinsi nilivyomwiga babu kikohozi chake, na fimbo iliyoegemezwa mlangoni. Nilipofika waliponingoja, nilisema, "Anaomba radhi."

Babu aliinamisha kichwa. "Basi," alisema, na nadhani alihuzunika kuliko wote.

Kijitabu kiliingia motoni, chini ya chungu cha bibi. Mama mdogo alirudishwa kwao mpaka ndugu zake walipomleta kwa taratibu zilizotakiwa, na Ijumaa mwalimu alikwenda Iringa mikono mitupu. Hakuna aliyeniuliza tena, na mama mdogo hakunisuta kwa mtu yeyote. Tangu hapo kila msimu alipaka kuta za nyumba yake udongo mweupe na kuuchorea mistari mizuri ajabu. Hakuchora tena kitu chenye uso.

Nami nikawa mwalimu. Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba mjumbe ni amana, na nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko wangu.

Migomba ile imekatwa, pamejengwa gereji. Siku hizi mkwe na mkazamwana huketi meza moja wakanywa soda, na silaumu hilo. Mwaka jana nilimtembelea mama mdogo kitandani, wiki chache kabla hatujamzika. Nilikuwa nimejiandaa kuungama. Maneno niliyapanga safari nzima. Akanitangulia. Babu alikuwa amefariki zamani, na mama mdogo hata siku ya mazishi yake alikaa mbali, amejifunika kitenge usoni.

"Mwanangu," aliniuliza, "yule mzee, sura yake niliipatia?"

Nilimwambia aliipatia, sikio na yote. Alitabasamu, akafumba macho. Yale mengine niliyokuja nayo nilirudi nayo.