Mfumo Usio na Sauti

Mume wangu akinuna hanuni kama watu wengine. Hapigi mlango, hasusi chakula. Anakaa mezani, anaweka vidole juu ya kitambaa cha meza na kuanza kuchapa, ta-ta-ta, utadhani kuna kibodi pale. Jioni ile alichapa meza mpaka chai ikapoa. Nikazima cherehani yangu.

"Baba Pacha, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi nani yuko njiani? Maana wewe hapo mwili upo, mwenyewe hupo."

Mimi mdomo wangu hauna breki, naomba mnizoee mapema. Mume wangu ndiye mpole, na upole wake ndio unaonipandisha presha.

Ni mtu wa ofisi ya maji. Alianza kama fundi bomba, enzi hizo yuko juu ya baiskeli na spana kwenye mfuko, anajua kila koki ya mji huu ilipofukiwa. Pacha wetu walipoanza kutambaa, macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, tena tumechelewa kuja. Haukupita muda akawa haoni kabisa. Nililia, sitaki kuwadanganya. Mwaka ule wa kwanza alikuwa anaamka asubuhi, anavaa, anafunga kamba za viatu, halafu anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka mchana, hana pa kwenda. Ile picha sijawahi kuitoa kichwani.

Baadaye akaenda shule ya wasioona, akajifunza kuchapa, na meneja wa wakati ule akamrudisha kazini, safari hii kwenye dawati la malalamiko. Simu ikilia utamsikia: "Ofisi ya maji, nikusaidie nini?" Sentensi hiyo anaisema mpaka usingizini. Mteja anataja jina au namba ya mita, yeye anachapa, na kompyuta inamsomea sikioni kila kilichoandikwa kwenye skrini: mtaa, bili, malalamiko ya nyuma. Kuna watu mjini wameongea naye miaka nenda rudi na hawajui kwamba haoni.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu. Bomba la uani kwetu linavuja, nyuma ya nyumba pote tope, na bwana mkubwa hataki kuandika lalamiko. "Watasema najipendelea." Ebo! Mke wa mtu wa maji naruka madimbwi kwangu mwenyewe.

Lakini jioni ile hakikuwa kisa cha bomba. Nilimbana mpaka akasema.

Mwaka huo kirusi cha kompyuta kiliingia kwenye seva yao. Seva, kwa wenzangu tunaoshinda kwenye cherehani, ni ile kompyuta kubwa inayokaa chumba cha baridi, imetunza kumbukumbu za ofisi nzima, na kompyuta zote za mezani zinaiuliza yenyewe. Kirusi kikaifunga. Wateja wakajaa mlangoni, ofisi haiwezi hata kutoa risiti, meneja akaaibika. Ikaonekana mfumo unaoiendesha seva ni wa kizamani, waliouunda wenyewe wameshaacha kuushughulikia. Ilibidi uchaguliwe mwingine, na kazi ya kuchagua akapewa fundi wao wa kompyuta, msichana mmoja wanamwita Kebo, kwa sababu humkuti bila waya shingoni.

Kebo akapendekeza mfumo wa kununua. Katika mpango huo kompyuta za mezani zinaondolewa, kila mtu anabaki na skrini na kibodi, akili yote inakaa kwenye seva. Kulinda sehemu moja ni rahisi kuliko kulinda sehemu hamsini. Meneja akaupenda. Wakaujaribu, kila idara ikapita zamu yake, watu wa bili, watu wa stoo, wahasibu, wote wakasema uko safi. Zamu ya Baba Pacha ikafika. Akavaa headfoni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya vilevile.

"Ukawaambiaje?"

"Nikasema uko safi."

"Ukasema *uko safi*?"

"Mama Pacha, ofisi nzima isumbuke kwa ajili ya masikio yangu? Nilishabebwa mara moja. Sitaki kubebwa tena."

"Na bila sauti utafanya nini pale, uwapigie wateja mluzi?"

Akachapa meza kidogo. "Meneja anasema wapo watakaopumzishwa."

Kupumzishwa! Watu wa ofisi wana maneno yao matamu ya kumfukuza mtu. Suala la mshahara tungehangaika, cherehani ipo, nguo za shule haziishi kushonwa na sikosi wateja. Nilichokiona mbele yangu ni vile viatu vimefungwa kamba, na yule mtu ukingoni mwa kitanda. Usiku ule sikupata lepe la usingizi.

Asubuhi nikamwacha atangulie, nikaenda ofisini kwa mlango wa nyuma. Kebo nilimkuta kwenye chumba chake cha baridi, kasweta kamebana, waya shingoni kweli.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako iweke kwanza. Wewe ndiye uliyemchagulia mume wangu mfumo bubu?"

Akanitazama kama nimetoka mwezini. "Mfumo bubu?"

"Hausemi! Amevaa yale madude masikioni, hausikiki hata mkoromo. Nyie mmepima nini wiki nzima?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu ya jeuri, na nilikuwa na yangu ya kumrudishia. Badala yake uso ulimshuka, akakaa juu ya boksi. Halafu akanieleza, taratibu. Meneja alikuwa amepiga marufuku sauti kwenye kompyuta za ofisi, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza muziki na mpira saa za kazi. Ni yeye Kebo aliyepita dawati kwa dawati kuzima, akaiacha ya Baba Pacha peke yake. Tangu hapo ofisi nzima inafanya kazi kimyakimya, na walipoujaribu mfumo mpya hakuna aliyetegemea kusikia kitu. Hata yeye sauti haikumpitia akilini.

"Lakini mama, mbona mwenyewe alisema uko safi?"

"Kwa sababu ni mjinga mwenye heshima zake. Sasa fanya."

Alifanya. Msichana yule, acha nimpe haki yake, hakulala. Aliufungulia sauti ule mfumo wa kununua, ikapita, lakini inatoka kwenye seva na inafika imechelewa: unabonyeza herufi, sauti inakuja ukishasahau ulibonyeza nini. Mteja hawezi kukungoja hivyo kwenye simu. Akarudi kwenye ule mfumo mwingine aliokuwa ameuweka kando, wa bure, unaotengenezwa na watu wengi huko duniani bila kuuzwa. Huo ungekaa kwenye seva, na kompyuta za mezani zingebaki na akili zao. Sauti ingezaliwa pale pale mezani.

Tatizo ni kwamba alishamwambia meneja vingine. Alipoingia kwake, walioketi nje walisikia yote, na yakanifikia kabla sijamaliza kushona mkono wa shati.

"Juzi ule, leo huu. Unanichezea?"

"Hapana, bosi. Nilikosea kupima."

"Na hiki cha bure kikianguka, nimpigie nani simu? Hao watu wako wengi wa duniani?"

"Unipigie mimi."

Meneja si mtu mbaya. Aibu ya kirusi bado ilikuwa inamwasha, na mtu wa namna hiyo anataka kitu chenye mwenyewe wa kulaumiwa. Akatoa asubuhi moja. Mfumo wa bure uwekwe kwenye seva ya akiba, Baba Pacha aufanyie kazi kwa simu za kweli, yeye meneja akisimama pale pale. Ukishindwa, mkataba wa ule mwingine unasainiwa mchana huohuo, na mambo ya dawati la malalamiko yataangaliwa upya. Kila mtu alijua maana ya kuangaliwa upya.

Nyumbani nilikiona cha moto.

"Umenianika," Baba Pacha akasema. "Ofisi nzima sasa inajua wewe ndiye unayenisemea."

"Ungesema mwenyewe nisingekusemea."

"Nimeishi na wewe miaka yote hii, sijawahi kukuingilia kwenye cherehani yako."

"Ingilia! Ukiona nashona kidole changu, kwa nini usiingilie?"

Hakunisemesha tena. Siku zilizofuata alikuwa anachelewa kurudi, yuko na Kebo wanazoeana na sauti mpya, maana ya zamani haikuweza kuusoma mfumo huo. Sauti ya zamani alikuwa ameishi nayo mpaka nilikuwa naionea wivu. Hii mpya, nilimsikia akiwaambia pacha, inasoma Kiswahili kama mtu mwenye mafua, na ikifika kwenye namba inakimbia kama imeiba. Pacha walicheka. Mimi nilikuwa jikoni, nikacheka peke yangu kimyakimya, maana bado tulikuwa tumenuniana.

Siku yenyewe nikamsindikiza. Mlangoni akasema, "Haya, rudi." Nikasema ndiyo, nikakaa kwenye benchi la korido. Mlango wa ofisi yao ulikuwa umeachwa nusu wazi. Namwona mgongo, namwona Kebo amesimama ukutani mikono nyuma, ameambiwa asiguse kitu. Meneja yuko dirishani, saa mkononi anaiangalia kila baada ya muda.

Simu ya kwanza ikalia.

"Ofisi ya maji, nikusaidie nini?"

Akachapa. Akasita. Akachapa tena. "Samahani, bwana, rudia namba... rudia tena, tafadhali." Zile namba zinazokimbia! Niliona shati lake linaanza kuloa mgongoni. "Subiri kidogo, bwana... Halo? Halo?"

Mteja amekata. Meneja akaandika kitu kwenye kikaratasi. Kebo akafumba macho.

Baada ya hapo simu haikulia. Siku ambazo hatutaki, mji mzima hauna maji na simu zinapasuka. Siku hiyo maji yametoka kila mtaa, hakuna mwenye shida. Baba Pacha anapapasa kibodi, anapunguza kasi ya ile sauti, najua ndicho alichokuwa anafanya kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Meneja akatazama saa, akafunga kalamu.

"Jamani, mimi nadhani nimeona vya kutosha."

"Bosi, simu moja tu," Kebo akasema.

"Kama hazilii nifanyeje, nizililie mimi?"

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nikatoa simu yangu, nikapiga namba ya malalamiko, ile iliyochapwa kwenye kila bili wanayoniletea mlangoni. Ndani ikalia. Ikalia tena. Vidole vyake viko juu ya kibodi, havisogei. Pokea, mwanaume, pokea.

"Ofisi ya maji, nikusaidie nini?"

"Bomba linavuja nyumbani kwangu."

Amenijua. Angenijua hata ningekohoa tu. Na wakati huohuo meneja, aliyekuwa anatoka, akafungua mlango akanikuta uso kwa uso, simu sikioni.

Akaangalia simu yangu. Akageuka akamwangalia Baba Pacha. Akainama karibu yangu, kwa sauti ya chini: "Mama, hilo bomba linavuja kweli, au?"

Nikaziba simu kwa kiganja. "Njoo na mabuti uone."

Nilidhani ataninyang'anya. Alisimama tu pale kizingitini.

"Namba ya mita, mama?" mume wangu akauliza, kikazi, kama hajawahi kula ugali wangu.

"Siijui." Na ni kweli siijui.

"Mita imeandikishwa kwa jina la nani?"

Nikamtajia jina lake mwenyewe, yote matatu, kama siku ya ndoa. Ta-ta-ta, kibodi. Halafu kimya. Namwona ameinamisha kichwa anasikiliza yule mwenye mafua akilitafuna jina lake. Usikimbie, nikaiomba ile mashine, nakuomba msomee taratibu.

"Nyumba iko mtaa wa nyuma ya ghala," akasema. "Mita iko ukutani, upande wa mlango wa jikoni. Bili ya mwezi uliopita imelipwa. Sioni lalamiko lolote la nyuma."

"Halipo kwa sababu mume wangu ana kiburi."

Ndani Kebo alicheka, akajiziba mdomo.

"Linavuja tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya mvua. Uani hapapitiki. Nimechoka." Na sauti ikanikatika, jamani, mbele ya meneja wa watu.

Akachapa. Alichapa moja kwa moja bila kusita, vile anavyochapa mezani kwangu. "Nimeliandika. Fundi atakuja."

Meneja akarudi ndani. Alisimama nyuma ya kiti cha Baba Pacha, akainama kwenye skrini akasoma, akasoma tena. Kila neno langu lilikuwepo, ukiacha lile la kiburi. Kile kikaratasi akakikunja akakitia mfukoni.

"Ule mkataba mwingine," akamwambia Kebo, "usiniletee mezani." Akapita mbele yangu akaenda zake, hata kwaheri hakusema.

Simu bado ilikuwa sikioni mwangu. Baba Pacha hakuwa amekata. Nilimsikia anahema.

"Mama Pacha."

"Nini?"

"Nenda nyumbani, bwana. Mimi niko kazini."

Laini ya pili ikaanza kulia mezani kwake, akanikatia.